Mbaazi Ukikosa Maua

Wahenga wa Pwani waliusema vibaya mti wa mbaazi. Walisema kuwa ukikosa maua husingizia jua, na tangu hapo methali hiyo imekuwa fimbo ya kumchapia kila mwenye udhuru: mwanafunzi aliyeanguka mtihani, fundi aliyechelewesha kabati la watu, kijana aliyerudi mikono mitupu kutoka safari ya kutafuta. Barazani Unguja methali hiyo huweza kutajwa asubuhi na mapema, huku mbaazi zenyewe zimo bakulini zimeungwa kwa tui zito la nazi, na maandazi ya moto yako pembeni. Mlaji hana haja ya kuuliza ule mti ungejibu nini lau ungepewa nafasi ya kusema.

Bara, mbali na harufu ya bahari, upo mji ambao watu wake wangeweza kuusemea mti huo. Babati uko kiasi cha kilomita 170 kusini mwa Arusha, pale ambapo barabara itokayo Arusha hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Singida na mwengine ukishukia Kondoa hadi Dodoma. Upande mmoja umesimama Mlima Kwaraa uliofunikwa na msitu. Upande mwengine limelala Ziwa Babati, ambalo viboko wake hawana khofu ya kuwa jirani na mji. Mwaka 2002, Mkoa wa Arusha ulipomegwa na kuzaliwa Mkoa wa Manyara, Babati uliteuliwa kuwa makao makuu. Ofisi zikaja, wageni wakaongezeka, na bei ya viwanja ikapanda. Hata hivyo chakula na ada za watu wengi wa wilaya hiyo viliendelea kutoka shambani, na katika mashamba hayo mbaazi hupandwa pamoja na mahindi. Mahindi yakishavunwa, mibaazi hubaki peke yake ikichanua maua ya manjano wakati mvua zimekwisha kitambo. Hurutubisha udongo, na ikishavunwa miti yake mikavu huwa kuni. Mti unaochanua katika ukame hauwezi kuwa mgomvi wa jua.

Katika mji huo lipo benchi la kahawa. Muuzaji wake ni mtu wa Kondoa, Mrangi, na mabirika yake hukaa juu ya makaa tangu alfajiri. Wanaoketi hapo ni Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Wabarbaig waliojifunga mashuka, na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria. Lugha za makwao ziko mbali sana: baadhi ni za Kikushi, nyengine ni za Kibantu, nyengine ni za Kinailoti. Mtu akitaka kumsengenya jirani hutumia lugha ya mama yake. Akitaka kuisema serikali hutumia Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo benchi zima litaielewa na kuipinga. Msomaji wa Pwani angezikuta sarufi kadhaa za kusahihisha hapo. Angezikuta pia hoja ambazo hazihitaji kusahihishwa na mtu.

Mmoja wa wakaaji wa benchi hilo ni mkulima wa makamo, Mgorowa, mwenye ekari sita na daftari la kurasa mia moja. Humo huandika kila mwaka idadi ya magunia, bei aliyouzia, na katika safu ya mwisho neno au mawili ya maelezo: mvua ilichelewa, wadudu, jua kali. Hana shughuli ya kuitangaza elimu yake. Lakini mabishano yakizidi, vijana humgeukia.

"Mzee, hebu fungua kitabu," husema mmojawapo.

"Si kitabu, mwanangu, ni daftari," hujibu. "Kitabu huandikwa na anayejua mwisho wake."

Kurasa za miaka ya 2015 na 2016 ndizo za furaha. India, nchi inayolima na kula mbaazi kuliko nchi zote duniani, ilikuwa imepigwa na ukame, na bei ya dengu na mbaazi katika masoko yake ilipanda hadi kuwa suala la siasa. Wanunuzi wakafika mpaka vijijini Babati. Mkulima huyo aliuza kwa bei ambayo baba yake hakuwahi kuiota, akachimba msingi wa nyumba ya tofali za kuchoma, akafikisha kuta hadi kwenye linta. Bati aliliachia mavuno yanayofuata. Wala hakuwa mtu wa pupa. Hesabu yake ilitoka katika daftari, nalo daftari halikuwa na sababu ya kumdanganya.

Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizizuru nchi nne za Afrika: Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Huko Msumbiji ulitiwa saini mkataba wa India kununua mbaazi kwa miaka kadhaa. Kisha mvua zikarudi India, wakulima wa huko wakavuna kwa wingi, bei ikaanguka, nao wakaanza kuilalamikia serikali yao. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali hiyo ikaweka kikomo: mbaazi zitakazoingia India kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Mzigo uliokuwa chini ya mkataba wa Msumbiji ukaachwa nje ya kikomo hicho.

Agosti ni mwezi ambao mbaazi za Babati zimekwisha kukomaa, nyengine zimo magunia tayari. Mbegu ilikuwa imefukiwa miezi mingi nyuma, vibarua wamelipwa, na mti haung'olewi ukarudishwa kuwa mbegu. Bei iliyopata kuvuka shilingi elfu moja kwa kilo ikaporomoka hadi shilingi mia chache, na penginepo mnunuzi hakuonekana kabisa. Magunia ya mkulima huyo yakapangwa ndani ya zile kuta zisizo na paa, yakafunikwa kwa turubai. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeanza kutoa elimu bila ada katika shule za umma, na benchi lilikuwa limeipokea sera hiyo kwa shukrani. Lakini sare, madaftari na nauli ya mtoto wa sekondari vilibaki kuwa kazi ya mzazi, naye mzazi alikuwa amekaa juu ya magunia yasiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo maoni yalipoanza, na ni vyema yasikilizwe yote, kwa kuwa watu wa mjini hudhani kuwa kijiwe ni mahali pa kulaumu tu. Kijana wa bodaboda alisema kuwa wakulima walikosea kumtegemea mnunuzi mmoja, nao ni watu wazima. Mbarbaig mmoja alikumbusha kuwa ng'ombe asiponunuliwa leo hula majani hadi kesho, ilhali mbaazi isiponunuliwa huliwa na wadudu. Mwalimu mstaafu aliitetea India: serikali inayowalinda wakulima wake haina kosa, kosa ni la asiyekuwa na wa kumlinda. Muuza kahawa akauliza kwa nini watu wasile mbaazi zao, kama wanavyokula watu wa Pwani. Akajibiwa kuwa chungu kimoja cha mbaazi hulisha nyumba nzima kutwa, na magunia ni arubaini. Na tena gunia halipokelewi dukani kwa sare za shule.

Mkulima mwenye daftari hakumlaumu mtu. Alikuwa na maswali mawili. Kwa nini Msumbiji ilikuwa na mkataba na Tanzania haikuwa nao, hali mgeni alikuwa mmoja na safari ilikuwa moja? Na je, khabari za mavuno makubwa ya India hazikuwahi kufika kwenye meza ya mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia wakulima kabla hawajafukia mbegu? Maswali hayo aliyauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayeulizia njia. Hakuna aliyekuja kwenye benchi kuyajibu.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kufunzwa uchungu huo, kwani karafuu ilikwisha kuufunza. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilitunga sheria iliyoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi wa karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaiona kuwa ni kitanzi. Chama cha Congress huko India kikawaunga mkono, na karafuu ya Zanzibar ikasusiwa katika soko lake kubwa hadi yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Mazungumzo yaliendeshwa na watawala na wafanyabiashara; mchumaji wa Pemba aliyekuwa juu ya mti na pishi yake aliisikia khabari ikiwa imekwisha kuwa bei. Baadaye, kuanzia mwaka 1968, likaja Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kuwa mnunuzi pekee, na kwa miaka mingi watu waliibeba karafuu usiku kwa ngalawa kuipeleka Mombasa. Magendo yale yalikuwa uhalifu mbele ya sheria, na yalikuwa pia maoni. Mtu ambaye neno lake halijibiwi hulisema kwa miguu.

Wala haiwezi kusemwa kuwa nchi hii haijui kusikiliza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka Bara na Visiwani ikiuliza watu wanataka chama kimoja au vyama vingi. Kiasi cha asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikawatazama wale asilimia 20, ikagundua kuwa hata katika wengi wamo wengi wanaotaka mageuzi, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Yapo mengi ya kubishana juu ya uamuzi huo, lakini njia yake ina somo: maoni yaliwekwa kwenye mizani, hayakuhesabiwa kama vichwa vya ng'ombe mnadani. Na waliotoa maoni walipata jibu, hata wale ambao jibu halikuwapendeza.

Hiyo ndiyo haki ambayo benchi la Babati linaidai, nayo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Anayesema mbele ya kikombe cha kahawa haombi atawale. Anajua kuwa neno lake ni moja kati ya mengi na kuwa huenda likashindwa. Anachoomba ni kuwa likishindwa, aambiwe limeshindwa na nini. Neno lililoshindwa kwa hoja humrudishia mwenyewe elimu. Neno lililonyamaziwa humrudishia chuki, na chuki hiyo hupandwa tena msimu unaofuata pamoja na mbegu.

Miaka ilipita. Mkulima alipunguza mbaazi, akajaribu alizeti, kisha akairudia mbaazi kwa sababu udongo wenyewe uliitaka. Kuanzia Mei 2021 India ilikiondoa kile kikomo, ikawa inaongeza muda wa ruhusa mara baada ya mara, na bei ikapata uhai. Katika miaka ya karibuni mbaazi imeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005 na ambao wakulima wa korosho wa kusini waliutangulia: mazao hupelekwa ghalani kupitia chama cha msingi, mkulima hupewa stakabadhi, wanunuzi hushindana mnadani, na fedha hufuata baada ya makato.

Benchi limegawanyika tena. Wapo wanaousifu mnada kwa kuwa mizani iko wazi na bei inasomwa mbele ya watu. Wapo wanaomkumbuka mnunuzi wa zamani ambaye alipunja, ni kweli, lakini alilipa papo hapo siku mtoto alipougua. Mkulima mwenye daftari hukubali pande zote mbili, jambo linalowakera vijana wanaopenda kila kitu kiwe na mshindi. Yeye hutaka mnada uendelee na fedha zifike upesi, na hutaka mtu wa ofisini aje siku moja aketi kwenye benchi, anywe kahawa chungu, aeleze makato ni ya nini na soko la mwakani linaelekea wapi. Nyumba yake imekwisha kuezekwa. Bati lilinunuliwa kwa awamu tatu, na rangi zake tatu zinaonekana tokea barabarani.

Siku moja yule kijana wa bodaboda, aliyekuwa amesikia methali ya mbaazi kwa abiria kutoka Tanga, alimtania nayo mbele za watu. Mzee hakukasirika. Alilamba kidole, akafunua daftari hadi ukurasa wa mwaka 2017, akamsogezea. Idadi ya magunia ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Nafasi ya bei ilikuwa tupu. Katika safu ya mwisho, pale ambapo miaka mingine iliandikwa mvua, wadudu au jua kali, palikuwa na maneno matatu ya wino wa buluu: maua yalikuwa mengi.