Sarafu za kibubu
Usiku homa ilipopanda, mama mmoja wa Mbagala alipasua kibubu cha mwanawe wa darasa la pili. Zilimwagika sarafu tupu: za 50, 100 na 200. Zahanati ilikuwa imeshampima mtoto: malaria. Muuza dawa akahesabu, kisha akazisukuma za 50. "Hizi hazitembei, mama."

Akaondoka na nusu ya dozi ya dawa mseto, ambayo humezwa siku tatu bila kukatisha. Lakini shilingi 50 ni fedha halali ya Tanzania, sawa na sarafu ya 500 iliyotoka mwaka 2014. Asubuhi keshia wa benki alizihesabu, akampa noti. Dozi ikakamilika.

Siku ya tatu mtoto akaketi kitandani. "Mama, hela zangu utazirudisha lini?"