Umechoka na joto la bati? Kaone Boma la Kale

Wewe mshikaji unayelala Vingunguti unaijua shughuli ya saa nane mchana. Umeme umekatika, feni imenyamaza, bati linachemka, chumba kimekuwa tanuri. Sasa jiulize: waliokaa Dar hii hii zama hizo, bila feni wala friji, walilalaje?

Jibu lao liko mjini, Sokoine Drive, pale inapokutana na Barabara ya Morogoro, mkabala na bandari. Linaitwa Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, Sultani Seyyid Majid wa Zanzibar alipokuwa anaanzisha mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Palikuwa mahali pa kufikia wageni wake. Kasri lake la jirani limeshapotea, lakini nyumba ya wageni ingali inadunda!

Likague kama fundi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimeshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe hayo hayo, yamechomwa. Ukuta ni mnene, jua linauchapa mchana kutwa na ndani bado kumetulia. Tofali zetu za kusimamisha ubavu zitaweza wapi?

Tazama juu. Dari limebebwa na boriti za mikoko. Mkoko haukupi nguzo ndefu, kiasi cha mita 3 hivi basi, ndiyo maana nyumba za mawe za pwani zina vyumba vyembamba na virefu. Mti ndio uliompimia fundi chumba! Mlangoni nako kuna mbao za nakshi za Kizanzibari.

Majid alifariki mwaka 1870, Wajerumani wakaja wakalitumia. Mwaka 1979 lilinusurika kubomolewa. Siku hizi ndani mna kituo cha urithi wa majengo ya Dar.

Usidhani mawe hayafi. Zanzibar, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, watu 2 wakapoteza maisha. Nyumba ya chokaa inataka kutazamwa kila mwaka kama mgonjwa wa sukari.

Basi Jumamosi acha kijiwe kidogo, fika Posta, tembea mpaka pale. Gusa ukuta. Halafu siku ukipata kiwanja chako, mwambie fundi ulichokiona.