Somo la betri na leza katika kibanda cha fundi Mtopanga

Ukitaka kufika Mtopanga, panda matatu, vuka daraja la Nyali, pita Kengeleni na Bombolulu, kisha umalizie safari kwa tuktuk. Watalii huishia upande wa ufuoni, kwenye hoteli za Bamburi na Shanzu. Upande huu wa bara ni makazi ya watu wa kazi. Mikokoteni ya mitungi ya maji hupishana na bodaboda, akina mama huuza mahamri na mbaazi vibarazani, na kila baada ya hatua chache kuna fundi: wa viatu, wa cherehani, wa redio.

Jumamosi moja nilimpeleka mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, kwa fundi wa redio. Mkononi alikuwa na kalamu ya leza iliyokufa. Alikuwa akiunda kengele ya mlango kwa ajili ya chama cha sayansi shuleni: mtu akikata mwale, kengele ilie.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana.

"Marahaba, mwanangu. Umeifanyaje hii?"

Kijana alieleza. Kalamu ilitumia betri tatu za kitufe, kila moja volti 1.5, jumla volti 4.5. Ziliisha upesi mno. Basi akaunga betri ya simu, ambayo ikijaa huwa na volti 4.2 tu. Kisha, akitaka mwanga mkali zaidi, akairuka rezista kwa kipande cha waya. Mwale uling'aa kidogo, ukafifia. Sasa ilitoa wekundu hafifu usio na nukta.

"Lakini volti 4.2 ni chache kuliko 4.5!" alilalamika.

Fundi alicheka, akaonyesha tangi la maji juu ya nyumba ya jirani. Volti, alisema, ni kule kuinuka kwa tangi. Ampia ni maji yanayopita bombani. Betri za kitufe ni kama tangi lenye bomba jembamba: hata ukifungua wazi, maji hutoka kidogo. Betri ya simu ina bomba nene. Rezista ndiyo koki inayobana. "Wewe umeleta bomba nene, kisha ukang'oa koki. Dayodi yataka kikombe, wewe waimwagia pipa."

Msomaji, hapo ndipo wengi hukosea. Balbu ya tochi ikipata moto hujizuia kidogo yenyewe. Dayodi ya leza haina subira hiyo. Ikifikia kiwango chake, volti kidogo za ziada huruhusu umeme mwingi kupita, nayo huungua kabla hujapepesa jicho.

Fundi alichukua penseli. Dayodi nyekundu ndogo ya namna ile hutumia takriban volti 2.2. Betri tatu za kawaida za kalamu hutoa 4.5. Tofauti ni 2.3. Ukigawanya kwa rezista ya omu 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, unapata miliampia 23, kiasi ambacho dayodi ile ingehimili. Kabla ya kuunga leza nyingine aliyokuwa nayo, aliweka taa ndogo ya LED mahali pake, akapima kwa mita. Aliporidhika ndipo akalehemu.

Rezista, alitwambia, ina upungufu wake. Betri zikichoka, mwale nao huchoka. Leza za bei hufungwa saketi inayoshikilia umeme usipande wala kushuka. Saketi hiyo nayo lazima ilingane na betri: leza ya buluu huhitaji zaidi ya volti 4, kwa hivyo betri moja ya simu haiitoshi bila saketi ya kupandisha volti.

"Basi nipe ya buluu," kijana alidakia.

Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu. "Siku ulipoirekebisha ile, nani alikuwa mbele yake?"

Kijana alinyamaza. Halafu akasema polepole kuwa dadake mdogo ndiye aliyemshikia kioo.

Hakuna aliyecheka tena. Lenzi ya jicho hukusanya mwale wa leza na kuufanya nukta moja nyuma ya jicho, mahali pasipo na maumivu ya kumwonya mtu. Leza zenye nguvu huharibu hapo kabla ukope haujashuka, na kidonda hicho huenda kisipone. Ndiyo maana kalamu hizi hutakiwa zisizidi miliwati 5, na hata hizo hazielekezwi usoni, kwenye vioo, wala kwa ndege inayotua Port Reitz.

Siku ya pili tulimpeleka msichana kupimwa. Tulishukuru: macho yake ni mazima.

Kengele ya mlango sasa inafanya kazi. Mwale umewekwa chini ya goti na kuishia kwenye kisanduku cheusi.

Tukirudi mjini siku ile, matatu ilisimama Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Ilipigwa kuwaonya watu hatari ikikaribia. Mzazi, mwanao akija nyumbani na leza na betri ya simu, usimnyang'anye. Keti naye, hesabuni pamoja, na umuulize swali la fundi: nani yuko mbele yake?