Makabati ya Mama

Nimekuwa kimya wiki tatu. Sikuugua, nilikuwa nyumbani Katito, pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ile ya Sondu, nikibandika makabati ya mama. Kwa hiyo leo habari za kompyuta ni kidogo tu, tena mwishoni.

Mshahara wangu wa kwanza baada ya chuo nilimnunulia mama makabati ya jikoni na jingine dogo la bafuni. Dukani yaling'aa kama mahogani. Kumbe ni MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, juu yake karatasi iliyochapwa michirizi ya mti. Miaka minne ya mvuke wa samaki na bomba la sinki linalovuja ikayamaliza. Milango ya chini ilivimba kama mkate uliolowa. Mama hakusema neno. Dada yangu ndiye aliyeniambia kwamba akina mama wa chama wakija, mama huifunika milango kwa leso na kuwazuia wasiingie jikoni. Hilo liliniuma sana.

Nikabeba roli mbili za plastiki yenye sura ya mbao na gundi nyuma. Nilikuwa nimetazama video sita, nikajiona fundi. Nikafuta vumbi, nikabandika, nikapiga picha. Siku ya tatu kona zikaanza kujikunja, na kila uvimbe ukaonekana kuliko mwanzo.

Fundi mbao wa jirani alipitisha kidole ukingoni, akacheka: "Kijana, umemvisha mgonjwa suti."

Tukabandua yote, tukaanza upya. Anayetaka kujaribu kwake afuate mpangilio huu:

Kwanza, maji. Tulibadilisha mpira wa bomba kabla ya kugusa mlango wowote.

Pili, vilivyooza. MDF ikishavimba hairudi. Milango miwili tuliitupa tukakata mipya, na kabati la bafuni lilikwenda lote. Mama alitaka liwe kuni, nikamkataza: gundi yake ina fomaldehaidi, na moshi wake si wa kupikia.

Tatu, mafuta. Maji ya moto na sabuni, kisha spiriti, kisha msasa mpaka mng'ao uishe. Gundi haishiki juu ya mafuta ya samaki.

Nne, kingo. Ukingo uliokatwa hunyonya maji kuliko uso. Tuliupaka vanishi mara mbili na kuuacha ukauke.

Ndipo plastiki ikaja. Unaanzia juu ukishuka polepole, huku ukisukuma hewa kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kipovu kikibaki, kitoboe kwa pini. Kunja sentimita tatu kwenda upande wa ndani na upashe kona joto. Mimi niliazima mashine ya kukaushia nywele saluni. Mlango ulio karibu na jiko la gesi tuliupaka rangi tu, kwa sababu plastiki hii hulegea kwa joto.

Sehemu ya juu, inayokaa sufuria na visu, fundi alikataa katakata nisibandike. Akaweka formica. Wapenda teknolojia, hii itawafurahisha: formica ilibuniwa Marekani mwaka 1912 na Daniel O'Conor na Herbert Faber ili kuzuia umeme, badala ya madini ya mica. Ndiyo asili ya jina lake. Sura ya mbao ilikuja baadaye.

Sasa kompyuta. Mwaka jana mteja alilalamika kwamba programu yake ni nzito. Nilimpa rangi mpya na vitufe vipya, nikalipwa. Ikabaki nzito, maana tatizo lilikuwa kwenye hifadhidata, na nilijua. Nikiwa bado Katito, msasa mkononi, nilimpigia simu nikamwambia nitairekebisha bila malipo.

Jumamosi iliyopita akina mama wa chama waliingia jikoni. Mmoja aligonga mlango akauliza ni mbao gani hiyo.

"Ni plastiki," mama akajibu. "Mwanangu ameibandika. Mara mbili."

Haya, tuonane wiki ijayo.