Abiria na Shehena katika Garimoshi Moja

Hapa Babati hatuna reli. Atakaye kuliona garimoshi hana budi kwenda Arusha, mwendo wa kilomita 170 hivi, ambako reli itokayo Tanga ilifika mwaka 1929. Walakini habari tutakayoieleza leo, ya kuwachukua watu pamoja na mizigo katika chombo kimoja, twaijua sana, tena imekwisha kuingia nyumbani mwetu.

Mwaka 1966, tulipokuwa wadogo, marehemu baba yetu alitupeleka Tanga kuwazuru jamaa. Tuliingia garimoshi pale Arusha. Mabehewa ya abiria yalikuwa machache, na nyuma yake yamefungwa mabehewa mengi ya shehena. Kila baada ya stesheni kadha wa kadha injini ilifunguliwa, ikaenda kuvuta behewa la kahawa au la katani lililokuwa likingoja pembeni, na sisi tukaachwa juani tumesimama. Iliporudi ilijifunga kwetu kwa kishindo, watoto wakaanguka, na chai ya watu ikamwagika. Mama alinung'unika sana. Baba akamwambia, "Mke wangu, kahawa hiyo ndiyo inayotulipia nauli."

Maneno hayo tuliyaelewa baadaye. Injini hula kiasi kile kile karibu, ikivuta abiria thelathini au mia. Dereva na gadi hulipwa vivyo hivyo. Katika njia yenye watu wachache, garimoshi la abiria peke yake ni hasara tupu. Ukiyafunga mabehewa mawili ya daraja la tatu mbele ya shehena ambayo ingekwenda kwa vyovyote, mkulima wa stesheni ndogo hupata usafiri ambao asingeupata kabisa. Anacholipa zaidi ni saa zake. Baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu upesi, aliziona saa zile kuwa na faida: alimwuliza gadi ni mabehewa mangapi yaliyobaki kufungwa, akashuka, akatawadha kwa maji ya birika, akasali Adhuhuri na Alasiri kando ya reli pasipo haraka.

Lakini kuna sharti, nalo ni breki. Katika garimoshi lililofungwa ipasavyo, bomba la breki hupita behewa hata behewa tangu injini mpaka mwisho. Likikatika popote, magurudumu yote hushikwa yenyewe. Behewa la shehena lisilo na bomba hilo haliwezi kuwekwa kati ya injini na abiria, kwa kuwa litakata mshiko. Na mshiko huo haudumu daima: mabehewa yakiachwa mlimani bila injini, nguvu ya breki hupungua kidogo kidogo, na yapasa kufunga breki za mkono.

Wenzetu wa Msumbiji waliyaona matokeo yake tarehe 25 Mei 2002. Karibu na Tenga, garimoshi lililochanganya abiria na shehena lilipata hitilafu mlimani. Sehemu zake mbili zikatenganishwa, na mawe yakawekwa chini ya magurudumu ya mabehewa ya abiria. Mawe hayakuyazuia. Yaliteremka yakagonga yale ya shehena, wakafa watu wapatao 200. Haujatimia mwezi, tarehe 24 Juni, msiba ukatufika sisi wenyewe mkoani Dodoma. Huko Igandu garimoshi la abiria, ambalo halikuchanganywa na mzigo wowote, lilishindwa kujizuia mlimani, likarudi nyuma kwa kasi, likagonga garimoshi la mizigo lililokuwa likilifuata. Walikufa watu 281. Kwa hiyo wasemao kwamba kumtenga abiria na shehena kunatosha kumsalimisha, na watazame Igandu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, nasi twafurahi. Katika reli ya zamani, shehena ilianza tena kupita njia ya kaskazini mwaka 2019, na abiria wakarudi Arusha mwezi wa Oktoba 2020, baada ya miaka ipatayo thelathini. Hata hivyo Babati imebaki na lami na malori yake.

Na malori hayo, ndugu zetu, ndiyo garimoshi letu la mchanganyiko, ila halina behewa la abiria. Msimu uliopita wa mbaazi, mtoto wa ndugu yetu alipanda juu ya magunia kwenda Arusha. Lori lilipinduka kwenye kona. Alitolewa chini ya magunia akiwa hai, alhamdulillahi, lakini nyonga imevunjika, naye atatembea kwa gongo maisha yake yote. Tulipokwenda kwa mwenye lori kuzungumza habari ya matibabu, alitujibu kwa upole kabisa: "Wazee wangu, mimi sikumtoza nauli. Nilimchukua bure."

Tulirudi kimya. Mama yetu, aliyelalamikia chai iliyomwagika mwaka ule wa 1966, alikuwa na tiketi. Kipande kile cha karatasi kilimfanya mtu, si gunia. Aliyekichukua alikuwa na deni la kumfikisha salama, hata akichelewa siku nzima kwa ajili ya katani. Mtoto wetu hakuwa na deni la mtu yeyote juu yake, wala katika hesabu ya safari ile hakuwamo.

Mwaka huu mbaazi zimekauka mapema. Tunapoandika haya lori moja linapakiwa mbele ya nyumba yetu, na mwenye mzigo anahesabu magunia kwa sauti. Juu yake wamekwisha kukaa vijana watatu. Tumetoka mara moja kuwasihi washuke, mmoja ameshuka.