Nani Mwenye Wimbo wa Bibi?

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliponitaka niandike habari za mafunzo niliyohudhuria likizo ya Agosti iliyopita, nilimkubalia haraka mno. Nilidhani ni kazi ya kueleza nani alifundisha nini, na tulikula nini mchana (tulikula pilau siku tatu mfululizo, na sikulalamika). Lakini kila nilipoishika kalamu, habari ya mafunzo ikawa inanivuta kwenye habari nyingine ambayo sijawahi kumwambia mtu hapa shuleni. Nimeona bora niiandike yote. Atakayenicheka na anicheke.

Yalikuwa mafunzo ya kimataifa juu ya usimamizi wa vyombo vya habari na kazi za ubunifu, maneno marefu kama treni ya makontena pale Changamwe. Mafunzo ya namna hii huko Ulaya huyaita ya kiangazi, kwani Agosti kwao ndio jua na shule zimefungwa. Kwetu Agosti kusi inavuma, na asubuhi watu wa Likoni tunapanda feri tumejifunika leso. Basi kwa wiki mbili nilirauka alfajiri, nikavuka kivuko pamoja na wafanyakazi, wachuuzi na mikokoteni yao, nikatembea hadi ukumbi mmoja wa Mji wa Kale. Tulikuwa watu ishirini na kitu: Wakenya, Watanzania, Waganda, wawili kutoka Congo, na vijana wachache wa Ulaya waliokuwa wakijifuta jasho katika baridi yetu. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, na wa pekee aliyebeba chakula cha jioni ndani ya mkoba wa shule.

Siku za mwanzo nilikuwa kama kuku mgeni. Wenzangu walikuwa wameona mengi. Kijana wa Kampala alitusimulia habari za Maisha, mafunzo ya filamu yaliyoanzishwa Uganda na Mira Nair mwaka 2004, yule mama aliyetengeneza Queen of Katwe. Dada mmoja kutoka Unguja alikuwa amekulia karibu na Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha picha tangu 1998, naye alizungumza juu ya tiketi, wafadhili na mafundi wa sauti kama mtu anayezungumza juu ya bei ya sukari. Mimi nilikuwa sijui hata kwamba filamu ina bajeti. Nilidhani ina nyota tu.

Mwalimu aliyenifungua masikio ni mama mmoja aliyefanya kazi ya redio miaka mingi hapa Mombasa. Alianza kwa kutukataza tusidhani kwamba usimamizi wa sanaa umeletwa kwetu na wageni waliokaa mstari wa mbele. Akatutajia duka la Assanand na Wanawe, waliokuwa wakitoa sahani za santuri kwa nembo ya Mzuri hapa hapa Mombasa, na Mbwana Radio Service, ambao kanda zao za taarabu zilisafiri mpaka Ughaibuni. Kulikuwa na mtu wa kurekodi, mtu wa kuuza, mtu wa kuhesabu fedha. Hiyo ndiyo “industry”, alisema, akabana pua kidogo kumwigiza Mzungu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, pamoja na Mzungu mwenyewe.

Kisha akachora ubaoni wimbo mmoja, akaugawa mara tatu. Kuna aliyeutunga, kuna aliyeuimba, kuna aliyeurekodi. Wanaweza kuwa mtu mmoja, wanaweza kuwa watu watatu wasiojuana, na kila mmoja ana haki yake mbali. Akatoa mfano wa Jambo Bwana. Kila mtoto wa pwani anaujua, lakini ni wangapi wetu tunaojua kwamba ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa Mombasa na kupiga muziki katika hoteli za watalii? Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 Boney M wakatoa wa kwao kutokana na huo, dunia ikacheza. Mwenyewe aliposikia wengine wanauimba, alikuwa na jina lake kwenye karatasi. Lakini chukueni Malaika. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauimba, na watu wamebishana miaka nenda miaka rudi ni nani hasa aliyeutunga. Na maneno “hakuna matata”, ambayo nyanya zetu walikuwa wakiyasema kabla ya sinema kuvumbuliwa, yaliandikishwa Marekani na Disney kuwa alama ya biashara ya nguo mwaka 2003. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia sahihi kulalamika. Kijana mmoja wa Congo akauliza kama sasa atashtakiwa akimwambia mama yake hakuna matata. Mwalimu akasema la, labda akimwambia kwa fulana.

Nilicheka na wenzangu. Lakini tumbo lilikuwa limeanza kunisokota.

Sasa nieleze. Bibi yangu, anayenilea kule Timbwani, ni mpigaji vugo. Kwa msomaji wa bara asiyejua, vugo ni ngoma ya arusi ya akina mama: pembe za nyati hugongwa kwa vijiti, na nyimbo hutolewa na kupokewa. Bibi si mgongaji tu, hutunga. Mtu akimwalika, humuuliza jina la bibi arusi, ukoo wake, mtaa alikozaliwa, na usiku huo wimbo huwa tayari. Hana daftari. Zote zimo kichwani mwake.

Desemba ya kabla ya mafunzo, katika arusi moja mtaani kwetu, Bibi alitoa wimbo ambao mimi niliuona mzuri kuliko zote alizopata kutunga. Mlangoni tulikuwa tumeambiwa simu zisitolewe, kwa kuwa ni usiku wa wanawake, mabuibui yamevuliwa na vichwa viko wazi. Mimi niliificha yangu chini ya leso nikarekodi. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka niwe nayo tu. Kesho yake nikamtumia binamu yangu wa Kisauni, nikamwambia asimpe mtu. Naye, bila shaka, alimpa mtu akamwambia vile vile.

Baada ya siku tatu wimbo wa Bibi ulikuwa kila mahali. Kijana mmoja wa kuchanganya muziki alikuwa ameutia ngoma za mashine na kubandika jina lake juu. Niliusikia ndani ya matatu ya Changamwe, dereva ameufungulia mpaka viti vinatetemeka. Lakini hilo la jina si lililoniumiza zaidi. Katika picha, nyuma ya Bibi, wanaonekana wanawake wawili wanacheza. Mmoja ni jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyenipa maandazi tangu sijui kutembea. Mumewe anafanya kazi Dubai. Picha ilimfikia huko huko Dubai, akamrudishia mkewe pamoja na swali moja. Swali lenyewe silijui, ila tangu siku hiyo yule mama hakwenda tena arusini, na akipita mlangoni petu alitazama upande wa pili.

Bibi naye alizitundika pembe ukutani. Wakija kumwalika husema goti linamuuma. Hakuuliza nani aliyerekodi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na nyumbani kwetu mjukuu huyo alikuwa mimi, nikila na kulala humo humo, kimya.

Basi tuendelee na mafunzo. Wiki ya pili kila mmoja wetu alitakiwa alete kazi moja ya sanaa kutoka kwao na kuijazia fomu: mtunzi nani, mwimbaji nani, mwenye rekodi nani, ruhusa imetolewa na nani. Wengine walileta filamu zao, vinyago, michoro. Mimi nilikuwa na ile video tu. Nikajaza sehemu zote, pale pa ruhusa nikapiga kistari.

“Hiki kistari ni cha nini?” mwalimu aliniuliza pembeni, wakati wa chai.

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu hakuwa wa Likoni. Nilimwambia yote, mpaka ya Dubai. Alinisikiliza, chai ikampoa. Kisha akasema jambo nililokuwa silijui: kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo haupati haki hiyo kwa kuwa umo kichwani. Sharti uandikwe au urekodiwe. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, simu yangu ya wizi ndiyo iliyoutia wimbo wa Bibi katika ulinzi, na huo ulinzi ungedumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

“Usifurahi,” akasema. “Hiyo ni haki ya mtunzi. Wale wawili walio nyuma yake, nani amewaandikia fomu?”

Sikuwa na jibu. Akaniambia niifute picha kwenye kazi ya darasa, nilete kitu kingine. Nilileta leso ya Bibi. Nilipata alama za katikati.

Jioni ile feri ilijaa pomoni na nilisimama mpaka ng'ambo nikipanga maneno. Yote niliyoyapanga yalimwagika nilipofika. Bibi alikuwa uani anachambua mchicha. Nikasema tu, “Bibi, ile video ni mimi.”

Hakuinua mato yake. “Nalijua.”

“Ulijuaje?”

“Mle ndani kuna mtu akohowa mara mbili. Mimi nimekulea tangu u mtoto mchanga wa kifua, kikohozi chako nisikijue?” Akaendelea na mchicha wake. “Nalingoja uye mwenyewe. Umekawia.”

Miezi minane! Nilitamani angenipiga. Badala yake aliniambia nivae buibui twende kwa jirani. Alitangulia na sahani ya kaimati, mimi nyuma. Jirani alitufungulia. Alituwekea viti. Nilisema niliyoyasema huku natazama mkeka, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamiminia Bibi chai. Mimi hakunimiminia. Wakazungumza habari za mvua na bei ya samaki kama saa nzima, nami nimekaa pale na mikono yangu. Tulipotoka Bibi alisema, “Si haba.”

Yule kijana aliyebandika jina lake nilimwandikia ujumbe nikimtaka aiondoe picha. Aliiondoa, sikutegemea. Lakini kitu kilichokwisha kupita katika simu elfu mtu huwezi kukikusanya, na wiki iliyopita tu nimekisikia tena kwenye tuktuk.

Kuhusu nyimbo, nilimwomba Bibi ruhusa ya kuziandika. Ruhusa ya kweli safari hii, mbele yake, mwanga ukiwaka. Alikataa kwanza. “Wimbo wa arusi una mwenyewe? Ukisha kuimbwa ni wa bibi arusi.” Nikamweleza habari za Jambo Bwana na Malaika, na yeye ananisikiliza kama asikilizaye mtoto anayesoma sura kwa makosa. Mwishowe akasema, “Ndoo na daftari lako.”

Sasa tumefikia kumi na moja. Saba ni zake mwenyewe; hizo nimeandika jina lake na arusi zilikotolewa, kadiri anavyokumbuka. Tatu anasema alizikuta, waliziimba wakongwe na wakongwe wao, hazina mtunzi. Kwa hizo nilimsomea kwamba ipo sheria nyingine, ya mwaka 2016, inayolinda maarifa na sanaa za asili, ambayo mwenye haki kwake ni jamii nzima, na kaunti ndizo zinazotakiwa kuweka rejista. Bibi akauliza jamii hiyo itatia sahihi kwa mkono wa nani. Nilimuuliza Mwalimu mlezi, naye akasema ni swali zuri.

Umebaki wa kumi na moja. Huo aliufundishwa na somo wake, siku chache kabla ya arusi yake mwenyewe. Hautoi. Ameniimbia mstari wa kwanza mara mbili, kwa sauti ya chini, na mara zote mbili akaninyoshea kidole niweke kalamu chini. Juma lililopita aliniuliza, “Hiyo karatasi yenu huandika jina la maiti?”

Nikamwambia huandika, na haki yake huhesabiwa miaka 50 tangu afariki.

“Somo alikufa mwaka 1981,” akasema.

Nikahesabu kwa vidole: mpaka mwisho wa 2031. Aliniuliza mwaka huo nitakuwa na umri gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaniambia nikafunike sufuria, wali unaungua. Pembe bado ziko ukutani, ila juzi nilikuta amezifuta vumbi.