Ufunguo wa Ghala na Neno la Siri

Katika kazi ya ualimu, madaraka hayakwepeki. Kuna anayeshika daftari la mahudhurio, kuna anayeshika ufunguo wa ghala. Leo twapenda kuwaeleza wanachuo jinsi tulivyojifunza, kwa aibu, kugawa madaraka ya namna hiyo katika kompyuta.

Tunaishi Pasua, mjini Moshi. Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhiwa chumba cha kompyuta katika chuo kimoja. Kompyuta zote zilitegemea seva moja iliyoendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Katika mfumo huo yupo mtumiaji mkuu aitwaye root, ambaye aweza kufungua na kufuta karibu kila kitu. Neno lake la siri tuliliandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kabati. Kila aliyeshika zamu alilitumia.

Asubuhi moja tulikuta alama za mazoezi ya kufundisha za darasa zima zimefutwa. Kumbukumbu za seva zilitaja jina moja tu: root. Tukamshuku mwanachuo aliyeshika zamu ya mwisho, tukamkaripia mbele ya wenzake. Siku ya tatu mkufunzi mwenzetu alikiri kwamba ndiye aliyefuta, akidhani anaondoa nakala za zamani. Tulimwomba radhi kijana yule, naye akatusamehe. Lakini hakujitolea tena kushika zamu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliompa kila mtu jina lile lile.

Wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro wamegawana maji ya mifongo tangu zamani. Mtu hupewa zamu ya maji, hapewi mfongo. Zamu ikiisha, maji huelekezwa kwa jirani. Ndivyo tulivyoipanga upya seva yetu.

Kwanza, kila mtu alipewa jina lake na neno lake la siri. Pili, tuliunda vikundi kufuatana na kazi. Kikundi cha wakufunzi kiliruhusiwa kuandika alama. Kikundi cha wanachuo wa zamu kiliruhusiwa kusimamia printa tu. Wawili pekee waliingizwa katika kikundi cha wasimamizi, ambacho katika Ubuntu huitwa sudo, na katika Red Hat huitwa wheel. Msimamizi huandika neno sudo kabla ya amri, kisha neno lake mwenyewe la siri, na jina lake hubaki katika kumbukumbu. Madaraka yakiisha, huondolewa kikundini, na wenzake hawasumbuliwi.

Tahadhari mbili hazina budi kukumbukwa. Unapomwongeza mtu kikundini kwa amri ya usermod, andika -aG. Ukiisahau herufi a, ataondolewa katika vikundi vyake vingine vya ziada. Na kanuni za sudo zihaririwe kwa visudo, ambayo hukagua makosa ya uandishi kabla ya kuzihifadhi.

Mtakapofundisha somo hili, msianze na kompyuta. Anzeni na funguo halisi za shule: waulizeni wanafunzi nani apewe upi, kwa kazi gani, na aurudishe lini. Wakishajibu, somo limekwisha kueleweka nusu. Nusu iliyobaki ni kuhakikisha kwamba hakuna mtoto atakayelaumiwa kwa tendo lisilo lake.